Nyuma ya Picha

Ukimpa mtu picha ya zamani, ataitazama. Mzee huyu ukimpa, ataigeuza kwanza aone mgongo wake. Ataisogeza dirishani, ataiinamisha kidogo ili mwanga upite ubavuni, kisha atakaa kimya muda wa kutosha mwenzake kumaliza kikombe cha chai. Anatafuta alama ya penseli iliyofifia, mhuri wa studio, tundu la pini, doa la gundi. Akishamalizana na mgongo ndipo anauendea uso, nao anauanzia kingoni: ukuta, paa, miguu, kivuli cha aliyeshika kamera. Watu wenyewe anawaweka mwisho.

"Ukianzia ku macho, utahurumia," aliniambia. "Na ukishahurumia, hauone tena kitu."

Tulikuwa Kadutu, mtaa wa Bukavu, Kongo, mwezi wa saba, vumbi la kiangazi limekaa juu ya kila jani. Nyumba za Kadutu zimepandiana mlimani kama watu wanaochungulia ngoma. Paa la huyu liko sawa na kizingiti cha yule. Chumbani mwake mlikuwa na meza, mabeseni mawili, kipande cha kioo cha dirisha, vitambaa vyeupe vya pamba vilivyofuliwa hadi vikalainika, na sanduku la chuma, lile la wanafunzi wa bweni. Hakuna aliyempa cheo cha mtunza nyaraka. Alifundisha shule ya msingi, akawasindikiza watoto wa Tapori miaka mingi, na picha zikamfuata jinsi nyuki wanavyofuata mzinga. Mwenyewe ameomba nisimtaje jina. Mwanzoni nilidhani ni unyenyekevu tu.

Sandukuni mna kumbukumbu za watu wa Bukavu wanaojiita Marafiki wa ATD Quart Monde, harakati ya kupambana na ufukara: mikutano, kazi za mikono, safari za kuwatembelea wenye shida, na watoto, watoto wengi. Tapori ni upande wa watoto wa harakati hiyo. Jina lilitoka India, kwa watoto waliokuwa wakiishi katika stesheni za treni, na aliyelichukua ni padre Joseph Wresinski, mtu wa Angers, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nyumba iliyoujua ufukara. Mwaka 1956 Wresinski alifika kwenye kambi ya Noisy-le-Grand, kando ya Paris, ambako familia 252 ziliishi matopeni katika vibanda vyenye umbo la nusu pipa. Alikuta watu wakigawiwa supu. Akaiondoa supu, akaweka maktaba na shule ya chekechea, na mwaka 1957 akaanzisha pamoja na familia hizo chama kilichokuja kuitwa ATD Quart Monde. Tarehe 17 Oktoba 1987 watu laki moja walikusanyika uwanja wa Trocadéro, Paris, kuzindua jiwe la kuwakumbuka wahanga wa ufukara. Desemba 1992 Umoja wa Mataifa ukaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya dunia nzima.

Hayo yameandikwa mahali pengi. Jambo moja ndilo linalonihusu hapa, nalo husemwa kwa nadra: tangu siku za kambi ile, Wresinski aliwataka waliojitolea naye waandike kila jioni walichokiona na kukisikia mchana. Alikuwa na hofu kwamba maskini hupita duniani bila kuacha karatasi, isipokuwa zile za polisi na za ofisi ya misaada. Ndiyo sababu harakati hii ina kituo kikubwa cha nyaraka huko Baillet-en-France, kaskazini mwa Paris, chenye jina lake, ambako picha hutunzwa kwa taratibu zinazostahili. Kadutu kuna sanduku la bweni. Nadhani kazi ni ileile.

Na sanduku limeona safari. Oktoba 1996 vita vilipofika mjini, picha zilifungwa ndani ya turubai zikaenda mlimani kichwani mwa mama mmoja aliyedhani amebeba vitabu. Juni 2004 zilishinda chini ya kitanda siku zote mji ulipokuwa mikononi mwa waasi. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mzee alitoa picha zote ndani ya bahasha zake, akazigawa mafungu matatu, akayaweka katika nyumba tatu. Nilipomuuliza kwa nini hakukimbia nazo, alishangaa. Mtu anayekimbia hupekuliwa njiani, akasema, na picha ni orodha ya watu.

Siku niliyokwenda, kazi iliyomngoja ilikuwa ya picha mbili zilizonatana uso kwa uso. Bukavu iko juu, ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto si adui mkubwa. Picha za hapa huzeeka polepole kuliko za pwani. Adui ni unyevu. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua hainyamazi, na picha ni kitu kinachokunywa. Juu ya karatasi kuna utando mwembamba wa jelatini, na jelatini hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe. Ndiyo inayoshika fedha katika picha nyeusi na nyeupe, na rangi katika picha za rangi. Washi, watu wa milima hii ambao mahari yao, heshima yao na hata maamkizi yao yamepita zizini, wangecheka wakijua kwamba nyuso za babu zao zimeshikiliwa na ng'ombe. Basi jelatini ikipata unyevu hulainika kama gundi iliyolowa, na ikikauka ikiwa imegusana na jelatini nyingine, zimeoana.

Mtu mwenye haraka angezivuta. Zingeachana kweli, na uso wa moja ungebaki juu ya nyingine.

Yeye alianza kwa kuzipiga picha kwa simu jinsi zilivyo, mbele na nyuma, na mstari wa rula pembeni. Kitu chochote anachotaka kukigusa hukiandikia kwanza hali yake, kama daktari anayepima homa kabla ya kutoa dawa. Kisha akachukua tone la maji kwa ncha ya kijiti, akalitua kwenye pembe, akahesabu hadi sitini, akalifyonza kwa kitambaa na kukitazama kitambaa. Kilibaki cheupe. Kama kingeingia rangi, angesimama hapohapo. Picha zilizochapwa kwa wino wa kompyuta hazivumilii maji, nazo siku hizi ni nyingi.

Maji yalikuwa ya beseni, yaliyochemshwa jana, yakachujwa kwa kitambaa mara mbili na kupoa usiku kucha. Lazima yawe baridi. Katika maji ya vuguvugu jelatini huyeyuka, na hapo huna picha, una mchuzi. Alizilaza picha kwa viganja viwili, taratibu, kama anayemlaza mtoto, akakaa. Nikamuuliza tunangoja nini. "Tunangoja maji yaingie," akasema, na hilo lilikuwa jibu zima.

Zilipita dakika ishirini. Akaingiza ncha ya ukucha pembeni, akauondoa. Dakika kumi tena. Akachukua uzi wa nailoni, ule mwembamba wa wavuvi wa sambaza, akaushika pande mbili na kuupitisha kwenye pembe ya juu ndani ya maji, akiurudisha mbele na nyuma kwa upana wa punje ya mchele. Hakuvuta juu. Picha zilizonata hazifunguliwi kama kitabu. Zinatelezeshwa, jinsi unavyomvua mtoto aliyelala shati lililoloa jasho. Uzi ulipokutana na ukinzani aliuacha hapo, akaondoa mikono na kuongea habari nyingine: bei ya makaa, mjukuu wake aliyeko Uvira, umeme uliokatika tangu juzi. Baadaye alirudi, na ukinzani ulikuwa umelegea. Nilimwona akifanya hivyo mara sita. Sijawahi kuona mtu anayejua vizuri hivyo wakati wa kuondoa mkono.

Ilimchukua saa moja na robo. Zilipoachana, mbinguni mwa picha ya pili palikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kipande hicho cha mbingu kilikuwa kimebaki kwenye picha ya kwanza, juu ya bega la mtoto. Hakusikitika wala hakujisifu. Alizisuuza katika beseni la pili, akazilaza kwenye kitambaa uso juu, mbali na jua, na kuandika katika daftari: pengo, juu kulia, lilitokea leo, mkononi mwangu.

Nikiwa nasoma sentensi hiyo nilikumbuka picha za mama yangu. Miaka iliyopita nilizipeleka kwenye studio moja zifunikwe plastiki ya moto, zidumu. Nililipa kwa furaha. Zimedumu kweli, zikiwa zimepikwa: plastiki imeingia kwenye jelatini na haitoki tena, na chini yake unyevu ulionaswa unaota ukungu wenye umbo la majani. Nilimsimulia mzee nikitarajia lawama. Aliuliza tu kama niliandika popote walikuwa kina nani. Sikuandika.

Sheria zake nyingine ni za nyumbani, mtu yeyote anaweza kuzifuata, ila zinadai mtu asiyechoka. Mikono inaoshwa na kukaushwa kabisa. Picha inashikwa kingo, na vidole havigusi uso. Bahasha anazikunja mwenyewe kwa karatasi nyeupe bila gundi ndani; gazeti halifai kwa sababu asidi yake hugeuza njano chochote kinacholala nalo. Pini hutoa kutu. Mpira wa kufungia noti una salfa, nayo huila fedha ya picha. Albamu zile za kurasa za kunata, zilizokuwa fahari ya kila sebule, ndizo anazozichukia kuliko panya. Na sanduku hafungui wakati wa mvua hata aje askofu.

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka nyekundu kama matofali, maana rangi ya buluu ndiyo inayokufa kwanza gizani. Zile nyeusi na nyeupe, kongwe zaidi, bado zina weusi wa usiku. Fundi wa zamani aliyezisafisha vizuri katika maji mengi alikuwa akimtumikia mtu ambaye hajazaliwa.

Kuipa picha mwaka wake ni sehemu anayoifurahia, na nadhani ndiyo inayomfanya aendelee. Mwaka ni nadra kuandikwa. Kinachobaki ni ushahidi wa vitu, na kila kitu kina namna yake ya kusema. Bendera ni shahidi mzuri: ya kijani yenye mwenge ni ya Zaire na ilishuka mwaka 1997, ya buluu yenye nyota ndogo sita mlingotini ilifuata, ile yenye mshazari mwekundu ilikuja mwaka 2006. Noti mkononi mwa muuzaji zinasaidia, kwa sababu faranga ya Kongo ilirudi mwaka 1998. Simu shingoni kwa kamba inamaanisha miaka ya 2000. Ufa mpya ukutani anauuliza kama ni wa tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Mabati mapya yakiwa mengi mno sehemu moja, pengine moto ulipita. Kadutu huungua mara kwa mara, mbao zikiwa zimebanana hivyo.

Kikwembe, yaani kitenge, kina tabia yake. Vikwembe vya Machi 8 na vya jubilei za kanisa huchapwa na mwaka wake, na anayeanza kazi hii hushangilia akiuona. Mzee hashangilii. Kikwembe kizuri huvaliwa miaka kumi, hukatwa kuwa gauni la binti, kisha mbeleko, kisha kitambaa cha kufutia meza. Mwaka uliochapwa unasema tu kwamba picha haikupigwa kabla yake. Bendera ya zamani inasema haikupigwa baada ya kushuka kwake. Kati ya hizo mbili ndimo mnamo ukweli, na anauandika hivyo: kati ya mwaka huu na ule. Hapendi kuandika "mnamo". Anasema neno hilo ni la watu wanaotaka kuondoka mapema.

Kisha yanakuja majina.

Katika makumbusho ya Ulaya kuna maelfu ya picha za Kongo zilizopigwa enzi za ukoloni, nyingi zikiwa nzuri kwa macho. Bukavu, iliyoitwa Costermansville, imo: nyumba nyeupe za Labotte, ziwa, bustani, barabara safi. Kadutu na Bagira, mitaa waliyotengewa Waafrika, zimo pia, mara nyingi kutoka mbali, kama paa zilizopangwa. Na watu wamo, chini yao pameandikwa kabila, kazi au neno "aina". Aliyeandika alijua lenzi aliyoitumia. Jina la mtu aliyesimama mbele yake hakuliuliza.

Lakini iko picha moja ya nchi hii iliyofanya kinyume. Mei 1904, huko Baringa, Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha baba aliyeketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake, vyote vilivyosalia baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua. Picha hiyo ilizunguka Uingereza na Marekani ikioneshwa kwa taa ukutani katika mikutano ya kuupinga utawala wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tunajua baba yule aliitwa Nsala, wa Wala, na binti yake Boali. Tunajua kwa sababu palikuwa na aliyeuliza na kuandika. Miaka zaidi ya 120 imepita na bado mtu anaweza kumlilia Boali kwa jina lake.

Weka kando yake picha mashuhuri kuliko zote za ufukara, ile ya Dorothea Lange, mama mhamiaji na wanawe huko Nipomo, California, mwaka 1936. Lange alikuwa mpiga picha mkubwa na mtu wa huruma, akifanya kazi ya serikali iliyotaka Marekani iwaone wakulima wake waliofilisika. Jina la mama hakuliuliza. Uso ulichapwa magazetini na vitabuni, na mwenyewe akaendelea kuvuna mashamba ya watu. Ni mwaka 1978 ndipo mwandishi wa gazeti la kwao alipompata: Florence Owens Thompson, akiwa na uchungu kwamba picha ilimpa kila mtu kitu isipokuwa yeye. Miaka 42 dunia ilimjua mama yule kwa mikunjo ya paji la uso.

Nilimpa mzee hadithi hizi mbili nikidhani nimemletea kitu kipya. Ya Nsala aliijua; aliwahi kuwafundisha watoto. Ya Florence hakuijua, akaisikiliza hadi mwisho, akauliza watoto waliokuwa wamegeuza nyuso wakimwegemea mama yao waliitwa nani. Sikuwa nayo majina yao.

Picha alizozitenganisha zilikuwa zimeanza kukauka. Ya kwanza ni ya watoto wanne kwenye ngazi za udongo, wamebeba mchanga kwenye sahani za bati. Juu ya ngazi, mbele ya nyumba ya mbao isiyo na ukuta mmoja, ameketi bibi kwenye kiti kifupi cha miguu mitatu, fimbo mkononi. Fimbo inaonyesha mahali. Ukianzia macho, kama alivyosema mzee, utaona mkongwe maskini anayesaidiwa na watoto. Ukianzia kingoni unaona msimamizi wa ujenzi. Watoto wawili wa mbele hawamtazami mpiga picha, wanaitazama fimbo. Na bibi amevaa kikwembe kizuri mno kwa siku ya mchanga.

Ya pili ni ya mlango uleule, ukuta ukiwa umefika kiunoni.

Picha hizi alizipata mwaka jana ndani ya albamu iliyookolewa kwa jirani, bila neno lolote mgongoni. Alizipiga kwa simu zikiwa bado zimeshikana, picha ya juu tu ikionekana kwa nuru iliyopenya kutoka nyuma, akachapisha nakala hafifu na kupanda nayo mtaani. Hapa ufundi unahama mikononi unakwenda mdomoni, nao una kanuni kali kuliko za maji. Hasemi kamwe, "Huyu si mama fulani?" Watu wa hapa wana adabu, mzee akikuuliza hivyo utaitikia ndiyo ili usimwaibishe. Anauliza, "Uyu ni nani?" na kunyamaza. Anauliza watu wawili au zaidi, kila mmoja peke yake, na anaandika si walichosema tu bali ni nani aliyesema. Wakitofautiana anaandika yote mawili. Amenionyesha bahasha yenye majina matatu ya mtu mmoja. Hajui lipi ni la kweli, na hatafuti la kulifuta.

Bibi wa fimbo alipitishwa kwa watu watano. Mmoja alisema alitoka Walungu, mwingine Kabare. Wa tatu hakumtambua yeye, alitambua kiti, kwani kilikuwa cha fundi aliyekufa. Wa nne alilia akakataa kusema. Wa tano alikuwa mama muuza ndizi, aliyeitazama nakala, akaweka kidole, si usoni mwa bibi, bali kifuani.

"Kile kikwembe ni changu," akasema. "Nilimwazima ile asubuhi. Alisema batoto wanakuja na mutu wa foto, hawezi kukaa mbele yao na ile nguo yake ya shamba."

Mzee aliponisimulia haya alicheka hadi akavua miwani. Alikuwa amekwisha andika kwa fahari, kutokana na maua ya kikwembe, kwamba bibi huenda alikuwa na binti mfanyabiashara. Mstari huo hajaufuta. Ameukata kwa mstari mmoja wa penseli, bado unasomeka, na juu yake ameandika: aliazima. Neno hilo moja limeigeuza picha yote. Bibi alijua siku ile kwamba anakwenda kuonekana na watu asiowajua, labda baada ya yeye kufa, akapanga jinsi ya kuonekana. Aliyebonyeza kamera alifanya nusu ya kazi. Nusu ilifanyika alfajiri, mlangoni kwa jirani.

Mama wa ndizi alitaja jina la bibi, na majina ya watoto watatu. Mmoja leo ni fundi pikipiki, mmoja yuko Kalemie, mmoja hayupo tena. Siyaandiki hapa. Jina huandikwa kwenye bahasha, kwa ajili ya wenyewe na wajukuu zao. Kuliweka gazetini ni jambo jingine, nalo huombwa upya kila mara. Wengine wamemkatalia, na picha zao zinalala sandukuni zikiwa na alama ndogo ya mduara: zitunzwe, zisioneshwe. Hapo ndipo nilielewa kwa nini na yeye alikataa kutajwa. Alikuwa akijitilia alama ya mduara.

Alasiri upepo wa ziwani ulipopanda, picha zilikuwa kavu na zimejikunja kidogo kama majani. Alizilaza chini ya kioo, juu ya kioo akaweka kamusi na Biblia. Kisha akachukua karatasi mpya, akaikunja bahasha kwa ukucha wa kidole gumba. Huandika kabla ya kutia picha ndani, ili penseli isiache mfereji usoni. Karatasi za picha za rangi zina ngozi ya plastiki mgongoni ambayo penseli ngumu huteleza juu yake. Picha yenyewe hupewa namba tu, kwa penseli laini, pembeni. Habari yote hukaa kwenye bahasha.

Aliandika kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zikiwa zimenyooka kama foleni ya shule. Mahali. Kati ya mwaka gani na gani. Jina la bibi, na chini yake: amevaa kikwembe alichoazima, na jina la aliyemwazima. Watoto, kutoka kulia, kama walivyotajwa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa wa nne, yule mdogo aliye nyuma kabisa, ambaye sahani yake imejaa kuliko za wengine na uso wake umefichwa na mkono wa mwenzake, aliinua kichwa akanipa nakala.

"We unashuka Nyawera leo?"

Nikamwambia ndiyo, Papa, nashuka.

"Iko na soko pale. Uliza. Lakini usiwaambie kitu mbele."

Kisha akaandika "wa nne, kushoto", akaweka nukta mbili, na kuacha nafasi ya upana wa vidole vitatu.